Kupaka rangi milango ya ndani Dodoma: mbao mbichi, vumbi na pande sita za mlango

Mlango una pande sita: uso wa mbele, uso wa nyuma, kingo mbili za wima, ukingo wa juu na ukingo wa chini. Milango mingi hapa Dodoma imepakwa pande nne tu. Ukingo wa juu hauonekani, wa chini haufikiki bila kung'oa mlango, kwa hiyo fundi anaziruka. Bahati mbaya ni hizo hizo zinazoingiza na kutoa unyevu kwa kasi kuliko uso, kwa sababu hapo nyuzi za mbao zimekatwa vichwa. Kiangazi unyevu unatoka, mlango unasinyaa na kufunguka kwenye maungio. Mvua za Januari zikishika, mbao inavimba na mlango unaanza kukwaruza fremu. Rangi ya usoni inapasuka, na mwenye nyumba analaumu kopo.

Basi kazi nzuri ya mlango inaanza na bisibisi, siyo brashi. Mlango ung'olewe.

Msimu na saa

Wakati mzuri kuliko wote hapa ni kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Juni. Mvua zimekatika, mbao haijakauka kupita kiasi, na upepo wa kiangazi haujapamba moto. Kuanzia Juni na kuendelea upepo na vumbi jekundu vinakuwa mtihani. Inawezekana kupaka, lakini fanya kazi asubuhi na umalize kabla jua halijapanda. Julai usiku kuna baridi, na rangi ya mafuta iliyopigwa saa kumi jioni inaweza kulala bila kukauka na kuamka na vumbi la usiku kucha.

Mvua za kwanza zina balaa lake: kumbikumbi. Wanafuata taa, na rangi mbichi chini ya taa ni mtego. Zima taa ya chumba chenye mlango uliopakwa, au funga madirisha kabla ya magharibi.

Usipake nje chini ya mti hata kama kivuli ni kizuri. Chagua chumba kitupu, fagia, kisha subiri saa moja vumbi litulie. Nyunyizia sakafu maji kidogo. Acha wazi dirisha la upande usioelekea upepo ili harufu itoke, na kwenye dirisha la upande wa upepo tundika shuka lililoloweshwa na kukamuliwa. Feni izimwe.

Mlango wako ni wa mbao gani?

Hili linabadilisha kazi nzima.

Mpaini na saipresi ndizo mbao za bei nafuu, nyingi zikitoka Mafinga. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi zinauzwa zikiwa bado mbichi. Ukipata mlango mpya wa mpaini, uache ukae ndani ya nyumba wiki tatu au nne kabla ya rangi, umeegemezwa mahali penye hewa, siyo juani. Kama mlango huo una paneli, yaani vibao vilivyochomekwa katikati ya mapande yake, utaona paneli zinasinyaa ndani ya mifereji yake na kuacha mstari mweupe pembeni. Bora mstari huo uonekane kabla ya rangi kuliko baada. Kama unaagiza milango kwa fundi seremala, mwambie azipake paneli praima, yaani rangi ya kwanza ya kuziba mbao, kabla hajaziunganisha. Atalalamika kidogo, lakini ndiyo dawa ya kweli ya huo mstari. Na asizigundishe: paneli lazima icheze ndani ya mfereji, la sivyo itapasuka katikati.

Mafundo ya mpaini hutoa utomvu. Joto la Oktoba likifika, utomvu unapenya rangi na kuacha duara la njano. Futa kila fundo kwa kitambaa chenye thina, liache likauke, kisha lipake shelaki (vanishi ya kuziba utomvu) mara mbili, ukitoka nje ya fundo kama sentimita mbili pande zote. Kuongeza mikono (mipako) ya rangi juu ya fundo hakusaidii kitu.

Mvule na mkongo ni mbao ngumu zenye kemikali zake za asili, na rangi ya mafuta inaweza kukawia kukauka juu ya mvule. Ifute kwa thina hadi kitambaa kisitoke na rangi, kisha paka praima ndani ya saa hizo hizo. Mninga ni suala jingine: mlango wa mninga mzima usiupake rangi. Piga vanishi. Ni mbao inayotulia kuliko nyingi, ina sura yake, na ukishaifunika kwa rangi nyeupe, kuirudisha ni kazi ya kukwangua hadi ulie.

Milango bapa ya plaiwudi ina ngozi nyembamba mno juu. Usiiloweshe maji na usitumie mashine ya msasa. Dakika moja mahali pamoja inatosha kutoboa ngozi hiyo. MDF, ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, nayo ina uso mzuri lakini kingo zake hunywa rangi. Kingo hizo zipewe praima ya mafuta mara mbili, mkono wa kwanza ukiwa mwepesi, na msasa namba 240 katikati. Praima ya maji itainua nyuzi na kingo zitabaki na vinyweleo.

Kabla ya yote, chukua bisibisi ukachome fremu chini, pale inapogusana na sakafu. Ikizama, mchwa wameshafika, na kupaka rangi hapo ni kuwatengenezea chandarua. Kipande hicho kikatwe na kubadilishwa. Dawa ya mchwa ipigwe kwenye mbao tupu na ikauke kabisa kabla ya praima. Angalia pia kama fremu ilipakwa oili chafu, jambo ambalo mafundi wengi hufanya upande unaogusa ukuta. Oili ikitambaa hadi usoni, rangi haitakauka wala haitashika. Futa kwa thina mara kadhaa ukibadilisha vitambaa, kisha ziba kwa shelaki. Ikiwa imezama sana, hata hivyo huenda ikarudi. Usimlaumu mwenye duka la rangi.

Vifaa na kiasi

Mlango wa sentimita 90 kwa 210 una karibu mita za mraba 1.9 kila uso. Jumlisha nyuso mbili, kingo zote na fremu, unapata kama mita za mraba 5. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja juu ya mbao laini iliyokwisha kupigwa praima. Kwa hiyo mlango mmoja na fremu yake unakula karibu nusu lita kwa mkono, na galoni moja ya lita 4 inamaliza milango minne kwa mikono miwili. Kwa milango hiyo minne ongeza andakoti (rangi ya kati, kabla ya ile ya mwisho) lita 2, na kama mbao ni tupu, praima ya mbao lita 2 na nusu, maana mbao tupu hunywa zaidi.

Msasa: namba 80 kwa rangi ya zamani iliyonenepa au mbao yenye alama za randa, 120 na 180 za kulainisha, 240 au 320 za katikati ya mikono. Weka mahesabu ya karatasi mbili au tatu kwa mlango. Brashi ya inchi 2 kwa paneli na kingo, na rola ndogo ya sponji ya inchi 4 kwa milango bapa. Brashi mpya ivute nywele kwa vidole, ioshe kwa sabuni, ikaushe. Nywele zinazotoka zitoke hapo, zisitokee mlangoni.

Kuyeyushia rangi tumia waiti spiriti au tapentaini. Mafuta ya taa yanapatikana kila kona, lakini yanaacha mafuta ndani ya rangi: inakawia kukauka na kupoteza mng'ao. Petroli ni hatari kwa moto, haina mjadala. Na ile thina kali inayotumika kwa vanishi za kupuliza usiitie kwenye rangi ya mafuta ya kupaka kwa brashi. Ikikutana na rangi ya zamani iliyo chini inaifumua, na uso wote unakunjamana.

Kuhusu mng'ao, chukua nusu mng'ao, yaani semiglosi. Glosi kamili inaonyesha kila kovu, na mati haioshwi vizuri palipo na mikono ya watoto. Kuhusu weupe: rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano katika korido isiyopata mwanga. Krimu au kijivu chepesi kinaficha hilo, na kinasamehe vumbi la Agosti linalokaa chini ya mlango.

Kung'oa, kuosha, kupiga msasa

Andika namba ya mlango kwa penseli ndani ya shimo la bawaba, na namba hiyo hiyo kwenye fremu. Milango inaonekana sawa hadi siku ya kuirudisha. Toa kitasa, mikono yake na bawaba. Skrubu za kila mlango ziwe kwenye mfuko wake wenye namba. Bawaba zilizopakwa rangi hukwama, na rangi iliyo juu yake hutoka vipande vipande.

Sasa jaribu rangi ya zamani. Lowesha pamba kwa spiriti ya kawaida (siyo waiti spiriti), sugua mahali pasipoonekana. Ikilainika na kutoka kwenye pamba, ni rangi ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta. Rangi ya maji ya ukutani ikipigwa moja kwa moja juu ya glosi ya mafuta inabanduka kama ngozi ya kitunguu, na hii ndiyo sababu kubwa ya milango kumenyeka kwenye nyumba zilizopakwa haraka haraka kwa ajili ya mpangaji mpya.

Kwenye nyumba za miaka ya 1970 na 1980, zile za zama za CDA (mamlaka iliyosimamia ujenzi wa makao makuu Dodoma) na nyingine za umri huo, chukulia kwamba rangi ya chini kabisa inaweza kuwa na madini ya risasi. Usiisage ikiwa kavu na usiichome moto. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa, watoto na wajawazito wasiwepo, na uchafu wote ufutwe kwa kitambaa kibichi, usifagiwe.

Osha mlango kwa maji yenye sabuni ya unga, hasa kuzunguka kitasa, na milango ya jikoni karibu na jiko. Mafuta ya mikono na moshi wa kupikia hayatolewi na msasa, yanasukumwa tu ndani. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, na yakikauka yanaacha ukungu mweupe ambao rangi haishiki vizuri juu yake. Kwa hiyo suuza kwa kitambaa kilichokamuliwa, badilisha maji, kisha pangusa mara moja kwa kitambaa kikavu. Kama una maji ya mvua au ya kunywa, lita mbili tatu zinatosha kusuuza mlango mzima.

Mlango ukikauka, piga msasa kufuata nyuzi za mbao, kamwe usivuke. Lengo kwenye rangi ya zamani iliyoshika vizuri ni kuondoa mng'ao tu, siyo kufika kwenye mbao. Palipobanduka, kwangua hadi ufike sehemu isiyotoka, kisha lainisha ukingo wa rangi mpaka kidole kikipita kisihisi ngazi. Vumbi la msasa liondoe kwa brashi kavu, halafu kwa kitambaa chenye waiti spiriti kidogo.

Kama mlango ulikuwa unakwama kwa mvua, pima kabla ya kuchukua randa. Nafasi inayotakiwa ni kama milimita 3 juu na pembeni. Mlango uliovimba Machi ukirandwa sana, Septemba utakuwa na nafasi ya kupitisha mjusi. Angalia kwanza kama bawaba zimelegea. Mara nyingi mlango umeinama tu. Tundu la skrubu likiwa limepanuka, jaza njiti za kiberiti zilizochovywa gundi ya mbao, acha likauke, kisha rudisha skrubu. Tatizo jingine ni unene wa rangi yenyewe: mlango uliopakwa mara nne tano bila kukwanguliwa umekula nafasi yake kwa rangi, na hapo kingo zishushwe hadi kwenye mbao.

Praima, kisha puti

Mpangilio huu watu huugeuza. Kwenye mbao tupu praima inatangulia, puti inafuata. Mbao tupu hunyonya mafuta ya puti, ikabaki kavu na kuanguka. Praima ya kwanza ipunguzwe kwa asilimia 10 ya waiti spiriti ili izame. Ukingo wa juu na wa chini upewe mikono miwili, na brashi isukumwe ndani.

Puti iwe ya mbao. Ile ya ukutani ni laini na haifuati mwendo wa mbao. Inapasuka mlango ukigongwa mara mbili tatu. Unga wa msumeno uliochanganywa na gundi ya mbao unafaa kwa matundu makubwa chini ya rangi, ila jaza kwa awamu za milimita 3 hivi, kwa sababu gundi husinyaa. Usijaze puti kwenye mstari kati ya paneli na fremu yake. Hapo panacheza, na kila utakachojaza kitatoka.

Baada ya puti kukauka piga msasa 180, gusia praima juu ya kila puti, kisha andakoti. Andakoti ya mafuta ipewe saa 16 hadi 24. Ikiguswa isinate haitoshi. Ipige msasa 240 kidogo uone. Ikitoa unga mkavu, iko tayari. Ikijikunja chini ya msasa, subiri.

Kupaka

Njia nzuri ya kupaka nyuso mbili siku moja ni hii: tafuta benchi mbili zenye kimo kimoja. Funga skrubu mbili ndefu za inchi 4 kwenye ukingo wa juu na moja katikati ya ukingo wa chini, zikizama inchi moja na nusu ndani ya mbao nzima. Mlango unaning'inia kwenye benchi kwa skrubu hizo. Ukimaliza uso mmoja, watu wawili wanashika skrubu na kuugeuza bila kugusa rangi. Matundu yake uyajaze puti mwishoni na kuyagusia rangi.

Koroga rangi kwa kijiti bapa ukitoa tope la chini, usitikise kopo. Mimina kiasi cha kazi kwenye kopo dogo na kufunika la mama. Kwa hewa kavu ya hapa utando unatanda juu haraka. Kama kopo lilikuwa limeshafunguliwa zamani, chuja rangi kwa soksi ya nailoni. Chovya theluthi moja tu ya nywele za brashi na uigonge ndani ya kopo, usiifute kwenye mdomo wake.

Mlango wa paneli una utaratibu wake. Anza na mifereji na paneli zenyewe, kisha pande la wima la katikati, kisha mapande ya kulala, kisha yale mawili marefu ya pembeni, na mwisho kingo. Kila pande likivuka lingine, maliza brashi pale pale kwenye kiungo, ukifuata nyuzi za pande hilo. Pembe za paneli hukusanya rangi. Baada ya dakika kumi hivi rudi na brashi iliyokaribia kukauka, ichomeke kwenye kila pembe na kuinua ziada. Ukichelewa, michirizi ikishaanza kushika, iache. Kuigusa kunaikwangua na kuacha kovu baya kuliko mchirizi. Kesho utaipiga msasa.

Mlango bapa unadai haraka. Gawa uso katika mistari ya upana wa sentimita 30. Piga rola mstari mmoja wima, tawanya kwa kulala, kisha laza rangi kwa brashi isiyo na rangi mpya, ukipitisha polepole kutoka ukingoni kuelekea palipo bichi. Usisimame katikati kupokea simu: dakika tano zinatosha ukingo kukauka, na mstari unaofuata utaacha alama ya maungio itakayoonekana kila mwanga ukipiga ubavuni. Ukitumia rangi ya maji ya milango, kasi hiyo iongeze maradufu, au uongeze maji safi asilimia 5.

Vyumba viwili vikiwa na rangi tofauti, watu hubishana kingo zichukue ipi. Ukingo wa kitasa unachukua rangi ya chumba ambacho mlango unafungukia. Ukingo wa bawaba unachukua rangi ya upande wa pili. Ndivyo mlango ukiwa wazi kila chumba kinaona rangi yake.

Mkono wa kwanza wa semiglosi upunguze kwa asilimia 5, wa pili usipunguze. Kati yake saa 24, msasa 320 kwa mkono mwepesi, na kitambaa chenye waiti spiriti. Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mnene siku zote: rangi nene inakauka juu, chini bado mbichi, na matokeo ni mikunjo.

Kurudisha, na yanayojitokeza baadaye

Ngoja siku mbili kabla ya kufunga bawaba. Rangi ya mafuta huchukua wiki moja hadi mbili kuwa ngumu, kwa hiyo siku za kwanza usiufunge mlango kabisa usiku. Uzuie kwa kipande cha boksi. Ukiufunga mapema, rangi ya ukingo na ya fremu zinashikana, na asubuhi zinavuana. Baada ya wiki mbili, paka nta ya mshumaa mweupe kwenye ukingo wa kitasa.

Chembechembe zikionekana juu ya rangi kavu, ni vumbi: msasa 320 na mkono mmoja zaidi. Malengelenge yanaonyesha unyevu au utomvu chini; yakate uangalie kama mbao ni bichi au kuna fundo. Rangi inayonata hata baada ya siku nne kwa kawaida ilitiwa mafuta ya taa, au ilipigwa juu ya oili. Hapo hakuna njia ya mkato, inakwanguliwa yote. Vanishi ya kupuliza ikigeuka nyeupe kama maziwa siku ya mvua, ni unyevu wa hewa. Subiri siku kavu upulize thina yake juu, mara nyingi inarudi.

Vitambaa vilivyolowa vanishi, rangi ya mafuta au mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Vinapokauka vinazalisha joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi viwe vikavu kabisa, mbali na jiko la mkaa. Rangi iliyobaki ihamishie kwenye chupa ya kioo inayojaa hadi juu ili hewa isipate nafasi, na andika juu yake jina la rangi, namba ya toleo iliyo kwenye kopo na mlango uliopakwa.